Maswali ya wasomaji: Diski inazunguka usiku kucha na hakuna anayeitumia

Toleo lililopita tulieleza namna ya kugeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya nyumbani kwa Linux, na barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti tofauti, kwamba seva inapiga kazi vizuri ila diski hazipumziki. Kwahiyo leo ukurasa wote ni wa diski. Barua ndefu nimezifupisha, maana yake sijaigusa.

Kaka fundi habari za kazi. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Morogoro, nyumbani natumia sola tu, betri na inveta. Nina desktopu ya zamani nimeweka Debian (aina ya Linux), mfumo upo kwenye SSD ndogo alafu nina diski mbili kubwa za inchi 3.5 za kutunzia kazi za wateja, moja ipo ndani, nyingine ipo kwenye boksi la USB. Kwa siku nazifungua labda mara mbili lakini zinazunguka masaa 24. Nimejaribu komandi ya kulaza diski, hdparm -S 120, ile ya ndani imekubali, ya kwenye boksi haisikii kabisa. Rafiki kaniambia kuna kitu kinaitwa hd-idle. Ni nini hicho na naiwekaje?

Salama kaka. Hiyo hdparm uliyotumia haijakosea popote, ni vile tu inavyofanya kazi. Ukiandika -S 120 unaiambia diski yenyewe ihesabu, kila moja hapo ni sekunde 5 kwahiyo umeipa dakika 10, na saa ya kuhesabu inakaa ndani ya diski. Sasa ile ya kwenye boksi ina mtu wa katikati, kuna chipu inayotafsiri kati ya USB na SATA, na chipu nyingi za maboksi ya bei rahisi hiyo komandi haziipitishi, au zinapitisha alafu boksi likizimwa na kuwashwa diski imeshasahau kila kitu.

hd-idle yenyewe saa yake inakaa upande wa Linux. Ni programu ndogo inayokaa nyuma ya pazia muda wote, aliiandika Christian Mueller kwa lugha ya C, na baadaye Andoni del Olmo akaiandika upya kwa Go na hiyo ndiyo inayoendelezwa sasa. Inachofanya ni kusoma faili la /proc/diskstats, ambamo kerneli, yaani kiini cha Linux, inaandika kila diski imesomwa mara ngapi na imeandikwa mara ngapi, inasoma, inasubiri kidogo, inasoma tena, kama namba za diski fulani hazijasogea kwa muda uliouweka basi inaitumia komandi ya kusimamisha mota, na hiyo komandi ni ya familia ya SCSI ambayo maboksi mengi ya USB yanaielewa. Kuamka hakuna wa kukuamshia, ukifungua faili diski inaanza kuzunguka yenyewe, utasubiri sekunde kama 10 hivi kisha picha zinafunguka kama kawaida.

Kwenye Debian na Ubuntu ipo tayari:

sudo apt install hd-idle

Kisha fungua /etc/default/hd-idle. Ukikuta START_HD_IDLE=false ibadili iwe true, na mstari wa HD_IDLE_OPTS uuweke hivi:

HD_IDLE_OPTS="-i 0 -a /dev/disk/by-id/ata-JINA -i 1800 -a /dev/disk/by-id/usb-JINA -i 1800 -l /var/log/hd-idle.log"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwahiyo twende taratibu. Mpangilio wa hizo alama una maana. Ile -i 0 ya mwanzo kabisa inasema diski yoyote ambayo sijaitaja isiguswe, bila hiyo programu itachukua sekunde 600 zake za kawaida na kuzihesabu kwa kila diski iliyopo kwenye mashine. Ikija -a unataja diski, na -i inayofuata ni ya hiyo diski tu, 1800 ni sekunde yaani nusu saa. Majina ya diski zako utayaona ukiandika ls -l /dev/disk/by-id, yale marefu yenye modeli na namba ya diski, yatumie hayo na uachane na majina mafupi ya sda na sdb, kwa sababu sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho ukiwasha mashine na boksi likawahi kuamka, na hapo utakuwa unalaza diski isiyo yenyewe.

Ukimaliza:

sudo systemctl enable hd-idle
sudo systemctl restart hd-idle

Subiri nusu saa bila kugusa chochote kisha uliza sudo hdparm -C /dev/sdb, badala ya sdb weka jina la diski yako, hii haiamshi diski. Ikijibu standby imelala, ikijibu active/idle bado inazunguka. Maboksi mengine yanajibu unknown, usihangaike nayo, weka kiganja juu ya boksi utajua mwenyewe. Diski ya ndani ikigoma ongeza -c ata baada ya jina lake, hiyo ipo kwenye toleo la Go.

Kingine, ile hdparm -S uliyoiweka kwa diski ya ndani iondoe, weka -S 0. Saa mbili za kuhesabu juu ya diski moja zitakuchanganya siku ukitaka kujua nani kaizima.

Na kwako wewe wa sola hii kazi inalipa kweli. Diski ya inchi 3.5 ikizunguka bure inakula kama wati 5, ikilala inashuka chini ya wati 1. Mbili zikilala masaa 18 kwa siku umeokoa kama wati-saa 150. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1200 lakini ukitaka idumu usiishushe zaidi ya nusu, maana yake unazo 600, na robo ya hizo zilikuwa zinaliwa na mota mbili zinazozunguka bure. Kwa mtu anayewasha taa na friji kwa betri hiyo robo ni kitu kikubwa sana.

Fundi, nakusalimu kutoka Mombasa, Kisauni. hd-idle nimeiweka na inafanya kazi, logi inaonesha diski imelala saa tano na dakika arobaini usiku na hakuna mstari wowote wa kuamka. Lakini asubuhi nikiamka naikuta moto, na hdparm -C inasema active/idle. Vipi logi iseme imelala na diski iwe macho? Nimeangalia sina programu yoyote inayoigusa. Kwenye smartd.conf nina mstari huu tu: /dev/sdb -d sat -a -m root.

Ndugu yangu, asante kwa kuleta na mstari wenyewe, jibu limo humo humo.

smartd ni huduma nyingine inayokaa nyuma, kazi yake ni kuchunguza afya ya diski, na usipoiambia vingine inaamka kila sekunde 1800 na kuiuliza diski hali yake. Diski nyingi zikiulizwa hivyo zikiwa zimelala zinaamka ndio zijibu. Sasa hilo swali la afya halihesabiwi kwenye /proc/diskstats, kule kunaandikwa kusoma na kuandika data tu, kwahiyo hd-idle haina habari. Yenyewe inajua imeshailaza diski saa tano na dakika arobaini na tangu hapo namba hazijasogea, basi kwa hesabu zake diski bado imelala na hakuna sababu ya kuilaza mara ya pili. Saa sita kasoro smartd ikapita, diski ikaamka, na haikulala tena mpaka asubuhi. Programu zote mbili ziko sahihi ila hazisemezani.

Badili mstari wako uwe hivi:

/dev/sdb -d sat -a -n standby,q -m root

Hiyo -n standby inaiambia smartd ikikuta diski imelala ipite iendelee na safari, na ile q inaizuia isiandike kwenye logi kila inapopita, maana kuandika kwenyewe kunaweza kuamsha diski nyingine yenye logi. Kama una kiskripti chochote cha kusoma joto la diski kwa smartctl (komandi ya kuuliza afya ya diski) nacho kiwekee -n standby. Hivi viskripti vya joto ni wasumbufu wakubwa, mtu anakiweka kila dakika 5 aone grafu nzuri kisha analalamika diski hailali.

Niwaeleze na wengine hapa kwa sababu barua za aina hii ni nyingi. Angalia kwanza logi inasema nini. Kama ni kama ya ndugu wa Kisauni, logi kimya na diski macho, tafuta anayeuliza afya. Lakini kama logi imejaa mistari ya kulala na kuamka, kila mstari una neno running na sekunde zake na stopped na sekunde zake, basi kuna mtu anasoma au kuandika kweli kweli, na huyo anakamatika. Ingia kwenye folda ya hiyo diski, tuseme imemauntiwa (imeunganishwa kwenye mfumo) hapo /mnt/picha, alafu:

cd /mnt/picha
sudo fatrace -c -t -o /tmp/nani.txt

fatrace inabidi uiweke kwanza kwa apt. Iache usiku mzima na asubuhi fungua /tmp/nani.txt, hakikisha tu hiyo /tmp ipo kwenye SSD au kwenye ramu. Utakuta saa, jina la programu, namba yake na faili iliyoguswa, na mara nyingi jina linalojirudia ni moja tu. Kwa mmoja ni minidlnad inayotafuta muziki mpya, kwa mwingine ni updatedb inayopita usiku kuorodhesha mafaili yote ili komandi ya kutafuta mafaili, locate, ifanye kazi, na hiyo dawa yake ni kuongeza /mnt/picha kwenye PRUNEPATHS ndani ya /etc/updatedb.conf. Nextcloud, ile programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako, nayo ina kazi yake ya kila dakika 5, data yake ikiwa kwenye diski ya kulala basi usitegemee kulala kokote, hapo ni kuihamisha au kuikubali tu. Na smbd, yaani Samba, programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao, ukiiona usiku ujue kuna kompyuta ya Windows ndani ya nyumba imeachwa wazi na folda ya mtandao, ina tabia ya kuchungulia.

Kwenye /etc/fstab ongeza noatime kwa hiyo diski, bila hivyo kusoma faili kunaweza kuzaa kuandika saa ya kusomwa.

Na kuna jambo moja fatrace haitakuonesha, lisikutishe. Kama diski umeifomati juzi kwa ext4, kerneli inamalizia fomati taratibu nyuma wakati wewe unaitumia, mchakato unaitwa ext4lazyinit, utauona kwenye iotop, programu inayoonesha nani anatumia diski. Kwa diski kubwa inaweza kuchukua masaa na muda wote huo namba za diskstats zinasogea, kwahiyo hd-idle itakaa ikisubiri. Iache imalize. Ukitaka kumaliza mapema wakati wa kufomati weka -E lazy_itable_init=0, utasubiri pale pale lakini ikiisha imeisha.

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, nina diski tatu za video za familia, za harusi na za wazee wetu waliokwisha tangulia, hazina mfano. Kijana wangu anasema kuzimazima diski kunaiua mapema kuliko kuiacha izunguke. Mwingine anasema joto ndilo linaloua. Nimsikilize nani?

Wa alaykumu s-salaam mzee wangu, na Mungu awarehemu waliotangulia. Kijana wako ana hoja, na yule mwingine pia ana hoja, kinachoamua ni mara ngapi kwa siku.

Diski inapoanza kuzunguka mota inavuta nguvu nyingi kwa mkupuo, na vichwa vinavyosoma vinatoka mahali pake pa kupumzikia na kuingia juu ya sahani. Watengenezaji wanaandika kwenye karatasi za diski ni mara ngapi kitu hicho kinaweza kufanyika, diski nyingi za mezani za zamani zimeandikiwa kuwaka na kuzima mara 50,000, na vichwa kuingia na kutoka mara 300,000, zile za seva ndogo za nyumbani mara nyingi 600,000. Sasa tufanye hesabu. Diski ikilala na kuamka kila robo saa, hiyo ni mara 96 kwa siku, karibu mara 35,000 kwa mwaka. Ile ya mara 50,000 inaimaliza hesabu yake kwa mwaka mmoja na nusu tu, hapo kijana wako kasema kweli kabisa. Lakini diski ya video za familia ikiamka mara 4 kwa siku ni mara 1,460 kwa mwaka, utafika miaka 30 hujagusa 50,000, na itakuwa imeshastaafu kwa sababu nyingine kabisa.

Hofu hii ina historia yake. Mwaka 2007 watumiaji wa Ubuntu kwenye laptopu walipiga kelele sana walipoona namba ya vichwa kuingia na kutoka inapanda kwa kasi ya ajabu, diski ilikuwa inapumzisha vichwa kila baada ya muda mfupi mno. Baadaye diski za WD Green nazo zilijulikana kwa kupumzisha vichwa kila baada ya sekunde 8, na kwenye Linux inayoandika kidogo kidogo muda wote namba zilikimbia vibaya. Lakini ule ulikuwa usingizi wa sekunde, na ndio maana mie sikubali kabisa hizi -i 60 na -i 120 ninazoona watu wanapeana. Mtu anafungua video moja, anaenda kumimina chai, akirudi diski imelala inabidi iamke tena. Kwa matumizi yako weka 3600, saa nzima. Utaokoa karibu kila kitu cha kuokoa na diski haitasumbuliwa.

Zisome namba mwenyewe usitegemee maneno ya mtu, wala yangu:

sudo smartctl -A /dev/sdb

Tazama Start_Stop_Count na Load_Cycle_Count, tazama na Power_On_Hours, ziandike kwenye daftari na tarehe. Baada ya wiki moja zisome tena uzitoe. Hizo mbili za kwanza zikiwa zimepanda kwa 20 au 30 kwa wiki nzima, lala usingizi. Zikipanda kwa mia kadhaa kuna kitu kinaiamsha, rudi kwenye jibu la ndugu wa Kisauni hapo juu.

Joto nalo huko Muscat si la kupuuza hata kidogo. Diski nyingi zimeandikiwa mwisho digrii 60, na kwenye kabati lisilo na hewa wakati wa kiangazi, diski tatu zimebanana, hufiki mbali. Kulala kunasaidia hapo moja kwa moja. Lakini mzee wangu, video za wazee wako zisikae kwenye diski hizo tatu peke yake. Kulala hakuifanyi diski iwe ya milele. Weka nakala nyingine nyumba nyingine, kwa ndugu, kwa mtoto aliyeolewa mji mwingine, popote ambapo moto au mwizi wa nyumba hii hawezi kufika.

Mambo fundi, nipo Arusha, nina duka. Nimeunganisha kamera 4 zinarekodi kwenye kompyuta ya Linux muda wote. hd-idle nimeweka dakika 10 lakini diski haijalala hata siku moja. Tatizo nini?

Poa kaka. Hakuna tatizo, diski yako ina kazi. Kamera zinaandika kila sekunde, namba zinasogea kila sekunde, hd-idle inasubiri utulivu ambao hautakuja. Ondoa hd-idle kwenye hiyo mashine kabisa, na diski ikija kufa nunua ile iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, hizo zimeundwa kuzunguka saa 24.

Fundi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Mwanza. Nina Raspberry Pi 4 na diski mbili ndogo za USB za inchi 2.5, zote zinakula umeme kwenye Pi. Kabla ya hd-idle zilikuwa sawa. Sasa kila zikilala, nikifungua folda kwenye simu, diski moja inapotea, na wakati mwingine inarudi kwa jina la sdc. Nimetoa hd-idle mambo yakatulia. Ina maana hd-idle ni mbovu?

Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuitoa na kujaribu bila yenyewe, hivyo ndivyo inavyotafutwa kasoro. Ila hd-idle haina ubovu, imekuonesha ubovu uliokuwepo tangu mwanzo.

Pi 4 inaweza kutoa ampea 1.2 tu kwa milango yake yote ya USB ikijumlishwa. Diski ndogo ikiwa inazunguka tayari inavuta kidogo, mbili zinatosha humo, lakini ile sekunde ya kuanza mota diski moja peke yake inaweza kuvuta karibu ampea 1. Zamani mashine ikiwaka ulikuwa unabahatisha mara moja tu na basi. Sasa zote mbili zimelala, simu yako inaomba orodha ya mafaili, Samba inaziuliza zote, zinaamka kwa pamoja, umeme unashuka, moja inakatika. Linux inaiona imechomolewa na kuchomekwa tena, na kwa kuwa jina la sdb bado lilikuwa limeshikwa na mauntio ya zamani, inapewa sdc.

Hakikisha mwenyewe. Andika dmesg baada ya tukio, ukiona Under-voltage detected! na chini yake USB disconnect basi ndio hiyo. Au andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 umeme uko safi, ikijibu kitu kama 0x50000 ujue tangu ulipowasha umeme umeshawahi kushuka.

Dawa ni habu ya USB yenye adapta yake ya umeme, diski zile umeme wa habu na sio wa Pi. Adapta ya simu usiitumie kwa Pi hata kama imeandikwa namba kubwa, tafuta ile ya Pi yenyewe. Wakati unajichanga kununua habu, acha diski moja izunguke muda wote na ulaze moja tu, hapo hazitaamka kwa pamoja kamwe. Na kwenye /etc/fstab tumia UUID ya diski (namba yake ya kipekee) na uongeze nofail, ili hata siku diski isipokuja Pi iwake isikae inaisubiri. Usiendelee kuandika vitu vya maana kwenye hizo diski kabla hujatatua umeme, diski kukatika katikati ya kuandika ndiko kunakoharibu mafaili. Endesha na fsck (komandi ya kukagua na kurekebisha mafaili) kwa ile iliyokuwa inapotea, ikiwa haijamauntiwa.

Mheshimiwa fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Dodoma. Kijana wangu kaniwekea seva yenye diski moja kubwa. Nikiiweka hii programu LUKU yangu itapungua kiasi gani?

Shikamoo mwalimu. Nikuambie kweli, kidogo sana. Diski moja ya wati 5 ikizunguka mwaka mzima inakula uniti 44 hivi. Ikilala robo tatu ya muda utaokoa kama uniti 30 kwa mwaka, na kwa bei ya shilingi 350 na kitu kwa uniti ni kama elfu kumi na moja kwa mwaka mzima. Kompyuta yenyewe inakula zaidi ya diski mara nyingi, kwahiyo kama shida ni LUKU mwambie kijana aizime seva usiku, au ahamishie kwenye mashine ndogo. Faida ya kulaza diski kwako mwalimu itakuwa kelele na joto, na kama una UPS basi umeme ukikatika itakaa dakika chache zaidi.

Nipo Zanzibar. Nina diski mbili zilizounganishwa kwa mdadm, zinaandikwa sawasawa. Nalaza zote au moja?

Zote mbili, na kwa muda ule ule, ukilaza moja hujafanya kitu kwa sababu kila kinachoandikwa lazima kifike kwa zote. Taja diski zenyewe kwenye hd-idle, ile md0 ni jina la muungano wao tu, haina mota. Na uwe mvumilivu kuamka, wakati mwingine zinaamka moja baada ya nyingine na kusubiri kunakuwa mara mbili. Kwenye Debian kuna ukaguzi wa mara moja kwa mwezi, usiku huo hazitalala mpaka umalize, na usiuzime, ndio unaokamata sekta mbovu ungali na nakala ya pili.

Dada yako wa Tanga hapa. Mie diski yangu ya nje naichomeka Ijumaa tu kufanya bakapu kisha naitoa naiweka kabatini. Nikichomoa huwa inalia trrk, naogopa. Kuna namna ya kuilaza kwanza bila kusubiri hiyo nusu saa?

Ipo dada. Huo mlio ni vichwa vinarudi mahali pake kwa haraka baada ya umeme kukatwa ghafla, diski ina njia ya kujiokoa lakini si vizuri kuifanyisha hivyo kila Ijumaa. Bakapu ikiisha toka kwanza kwenye folda zake zote, kisha:

sudo umount /mnt/bakapu
sudo hd-idle -t sdb

Hiyo -t inailaza hapo hapo. Jina la sdb lithibitishe kwanza kwa lsblk, angalia ukubwa wa diski, usije ukalaza nyingine. umount ikigoma na kusema target is busy andika sudo fuser -vm /mnt/bakapu itakutajia nani bado kaishika, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe bado ipo ndani ya folda, toka kwa cd na urudie. Ukishailaza sikiliza mota ishuke mpaka kimya, hesabu sekunde kama 10 nyingine, ndio uchomoe kebo.